Picha ya Paa Asiyekuangalia

Aika mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Buguruni kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia mpaka ule ushibe, kwa hiyo nina muda wa kukaa hapa mezani peke yangu. Begi lako nimelifungua mara mbili na kulifunga mara mbili, sababu nitakwambia. Chandarua kipo, dawa zipo, sweta lipo, na habari za chandarua na sweta sitakuandikia, maana mimi mwenyewe nilielezwa habari za sweta mpaka nikaacha kusikia. Kesho ukipanda basi la Morogoro sitaweza kuongea. Si unanijua, nitaanza kupiga stori na kondakta badala ya kuongea na wewe. Ndiyo maana naandika.

Niseme kwanza jambo lenyewe, nisije nikajificha kwenye maneno. Umepewa miezi mitatu ya majaribio. Kule mlimani kuna chemchemi moja ambayo paa wa msituni wanakunywa kiangazi, maji mengine yakikauka. Aliyekuwepo kabla yako aliweka pale kamera za porini, hizi zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita, akazifunga usawa wa kifua kwa mikanda ya rangi ya chungwa. Paa wakahama. Wakaanza kushuka kunywa kule chini karibu na mashamba, kwenye mbwa na mitego. Daktari, yule mtafiti wa wanyama aliyekupa kazi, amekwambia wazi, na mimi nimekaa pembeni nasikia: ukiweka kamera na paa wakaendelea kunywa, kazi ni yako. Wakihama tena, kamera zinatolewa na wewe unarudi Kariakoo.

Na mimi mama yako, kuna upande wangu mmoja uliosikia "unarudi Kariakoo" ukafurahi. Nakwambia kabisa. Haukufurahi sana, ni kidogo tu, kama mtoto akisikia leo hakuna shule kwa sababu ya mvua. Lakini ulifurahi, na tangu siku hiyo nautafutia dawa.

Kazi hii sikuisomea, unajua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, wewe uko mgongoni, nauza makava ya simu pale Msimbazi kwenye kibaraza cha watu. Simu ya mteja ikiharibika naifungua. Mwanzoni nikifunga zinabaki skrubu tatu, baadaye inabaki moja, baadaye hazibaki. Kamera za ulinzi nazo hivyohivyo. Niliangalia video kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nusu ya maelezo siyaoni, nikaenda kumwambia Hitesh wa duka la viungo kwamba mimi ni fundi kamera. Siku hiyo sikuwa fundi kamera. Nilikuja kuwa fundi kamera Alhamisi yake, baada ya kuunguza moja.

Hitesh alikuwa anaibiwa iliki. Zilikuwa zinaondoka kidogokidogo kwenye mifuko ya watu.

"Fundi," akaniambia, "mimi nataka kamera ambayo mwizi ataiona, lakini mteja asiione."

"Na kama mteja ndiye mwizi?"

Akafikiria. "Basi aione akishaiba."

Tulicheka mpaka mke wake akatoka ndani kuuliza kuna nini. Lakini Kariakoo ndivyo ilivyonifundisha, kwamba kamera ni ya kuonekana. Iwe inang'aa, iwe na taa nyekundu, ikae juu ya mlango, mtu akiingia tu aanze kujirekebisha shati. Miaka yote hii nalipwa kwa kuwafanya watu wajue wanaangaliwa. Sasa niambie, mtu mwenye kichwa hicho unampeleka msituni akafanye nini.

Siku Daktari amekuja na ile kamera iliyojaa sisimizi, ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unasubiri matokeo, umekaa kwenye kiti chako hapa hapa dukani, ghorofani juu ya Hitesh.

"Shikamoo," ukamwamkia.

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

Ukaonyesha chini ya meza, nilikokuwa natafuta betri. Nikatoka na vumbi langu nikaanza kumweleza kwamba kamera za aina hiyo nazijua sana, tunazipata kila siku. Kumbe ndiyo naiona kwa mara ya kwanza. Mimi nimeshika maneno, wewe umeshika bisibisi, na sijamaliza hata kusema ukanikatisha.

"Mama, imewaka."

Basi tangu hapo nikachizika. Nikipata nafasi, video. Nikila, video. Kuna watu wa nchi za baridi huko, wana wale wanyama wao wenye pembe kama matawi ya mti, na wanahangaika kuficha kamera ili wasiwashtue. Wanaficha kwenye magome, wanaficha kwenye mizizi. Nikasema hii mbona naiweza, paa wetu wenyewe wanafika magotini tu. Daktari akatuazima kamera mbili tukajaribu kwenye vilima vya Pugu, alikuwa na kibali cha pale. Nikafunga duka Jumamosi nzima, mimi ambaye hata siku ya harusi ya mdogo wangu nilifungua mpaka mchana.

Halafu likaja lile la Mchikichini. Wale wa kwenye video wanaivalisha kamera kitambaa cha mabakamabaka, kijani na kahawia, basi nikakukokota mpaka kwa yule kaka wa masweta ya mitumba nikamuuliza, tena kwa sauti yangu hii, kama ana nguo zenye mabaka ya jeshi.

Akaacha kukunja. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Sista, nani kakutuma?"

"Nataka kitambaa tu, nivalishe kamera."

"Kamera," akamwambia mwenzake. "Huyu anataka kuivalisha kamera gwanda." Halafu akanigeukia, taratibu kama anaongea na mgonjwa. "Dada yangu, hiyo ikitokea kwenye belo la mitumba tunaikimbia sisi wenyewe. Unataka nikalale ndani kwa ajili ya kamera yako?"

Mama wa mashuka wa meza ya pili akadakia. "Muuzie na kofia yake, akamatwe akiwa amependeza."

Ulikuwa nyuma yangu umefunika uso kwa mkono. Kila mtu mzima wa nchi hii anajua raia hachezi na nguo ya jeshi, na mimi nilikuwa najua, lakini nikishachemka kichwa kinatangulia mbele kinaniacha mimi nyuma. Wewe ndiye uliyeokota lile sweta la kahawia, sweta la kiume lililochoka, lina vinyweleo, ukaenda kulishikiza kwenye gome la mti wa pale nje. Halikujitenga na mti.

"Hili, mama."

Ukasema hivyo tu. Yule kaka akatupunguzia bei ili tuondoke haraka.

Sweta tukapata. Nani akaliharibu? Mimi. Nikakata vipande, nikavibandika kwenye makasha ya kamera kwa gundi ya viatu, nikayaanika kwenye kibaraza juu ya duka la Hitesh, siku ambayo Hitesh anasaga bizari. Weka na ile harufu ya belo ambayo haitoki hata ufue mpaka uchoke, basi tukapeleka msituni kitu kinachonuka kiatu, pilau na kabati la Ulaya. Paa anaishi kwa pua. Mimi nilikuwa nawaza macho tu, kwa sababu maisha yangu yote nimeshughulika na macho ya watu.

Na bado mmoja alikuja. Tulipotoa kadi nikamwona katikati kabisa ya picha, uso mzima, masikio yote mawili, macho meusi yananitazama mimi. Nilipiga kelele msituni, Aika. Msituni. Na unajua kwa nini niliipenda vile? Sisi kwetu picha ni mtu akuangalie. Ukienda studio unaambiwa nyanyua kidevu, tazama hapa. Bibi yako ukutani anatazama. Aliyegeukia pembeni tunasema picha imeharibika, piga nyingine. Basi nikamsafisha yule paa picha kubwa, nikamnunulia fremu ya rangi ya dhahabu, nikamtundika dukani juu ya chaja. Hitesh akapanda na mke wake kuja kumwona.

"Anatazama kama mtu wa kodi," akasema Hitesh.

"Mwache, mzuri jamani," mke wake akasema. "Huyo anakutazama wewe na hesabu zako."

Nikavimba kichwa wiki nzima. Daktari alipokuja akasimama mbele ya ile fremu, mimi nasubiri sifa.

"Mama Aika," akasema, kwa upole sana, "huyu ameshtuka. Ona mguu wa mbele, ameunyanyua. Ona masikio. Hapo anaondoka. Mna picha yake nyingine?"

Hatukuwa nayo. Hakurudi tena pale.

"Mimi picha ninayoitaka," akasema, "ni ya paa ambaye hana habari na wewe. Anatafuna. Anajikuna. Amekugeuzia makalio."

Akacheka, na mimi nikacheka, ila ndani nimenywea. Nilipokugeukia wewe nikaona hukushangaa.

"Ulijua?"

"Niliuona mguu."

"Tangu lini?"

"Tangu kule kule."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi, mama."

Hilo neno nimetembea nalo mpaka leo. Sikukasirika. Ila nilianza kujiuliza ni mara ngapi umeona mguu umenyanyuka ukanyamaza kwa sababu mama yako anarukaruka. Mimi furaha yangu ina kelele, inajaza chumba, na chumba chetu chenyewe unakijua. Mtoto akikulia humo anajifunza kupisha. Kule unakoenda watakuwepo wengine wa aina yangu, wenye haraka, wenye kadi mkononi na picha nzuri. Usinipishe tena, na wao usiwapishe. Mimi nilinywea siku moja, nikalala, nikaamka fundi mzuri zaidi. Watu huwa hawafi kwa kuambiwa.

Na kweli, baada ya fremu ile ndiyo tukaanza kufanya kazi. Nilitoa zile taa za gizani zenye wekundu nikafunga zisizoonekana kabisa, hiyo nilikuwa naiweza. Wewe ukasikia kitu ambacho mimi sikuwahi kukisikia miaka yote, ile "tik" ndogo ya kamera ikibadilika kutoka mchana kwenda usiku, ukaikaba kwa sponji ya godoro. Gundi tukaiacha, tukashona. Sweta tukalitundika kule kule msituni mpaka likasahau Mchikichini. Halafu siku moja nikakuona umelala kifudifudi kwenye majani, katikati ya njia ya paa, nikadhani umeumwa na kitu.

"Unafanya nini?"

"Naangalia anavyoona yeye." Ukanyoosha kidole. "Ukiwa hapa chini, lile kasha ni kama mtu anachungulia."

Tukalitoa mbele ya njia tukalipandisha juu ya vichwa vyao, pembeni, likiinama kidogo. Nilikuwa natundika kamera usawa wangu mimi kwa sababu mkono wangu ndipo unapofika. Hiyo tu ndiyo sababu, sikuwa na nyingine.

Halafu ukaja na wazo lililokaribia kuniua.

"Tutundike kasha tupu kwanza."

"Tupu la nini?"

"Walizoee."

"Mpaka lini?"

"Mpaka walizoee, mama."

Mimi huyu. Mimi ambaye wali ukiwa jikoni nafunua mara kumi. Siku kadhaa nikavumilia, kisha asubuhi moja nikakwambia naenda kufuata vifaa, nikapanda bodaboda mpaka Pugu nikaangalie kidogo. Nikaangalia. Nikashika kasha, nikalinyoosha, nikazunguka mti, nikarudi nimeridhika. Ulipokuja kwenda wewe ukaniita.

"Mama, hizi ndala ni za nani?"

Alama zangu zimejaa pale kama kuna mtu alikuwa anacheza ngoma. Ukaanza upya kusubiri, hukunisema, na safari hiyo nikampa Hitesh nauli yangu anitunzie ili nisiwe na ya kwendea. Akaniuliza natoroka nini, nikamwambia najitoroka mwenyewe, akaiweka kwenye droo ya mdalasini bila kuuliza zaidi.

Sasa hapa naomba unisikilize, maana hili nimelipata kwa shida. Mimi nilidhani kwenda kuangalia ndiyo kujali. Nilidhani ukikipenda kitu unakigusagusa. Kumbe paa hakuwa anaogopa kamera tu, alikuwa anaogopa mimi ninayekuja kuipenda kamera. Ulipoiweka ile ya kweli ndani ya kasha walilolizoea, na tukakaa mbali, zikaja zile picha. Mbaya, Aika. Picha mbaya kuliko zote nilizowahi kuona. Matako. Nusu sikio. Paa anatafuna, amefumba jicho moja. Na ile ya mwisho, jike amelala chini kabisa, mtoto wake amemlalia mgongoni, kwa mbali na nje ya katikati. Daktari alikaa kwenye kiti chako akazipitia moja moja, halafu akakuuliza wewe, hakuniuliza mimi, kama ungependa kwenda mlimani. Ukasema ndiyo kabla hajamaliza. Na mimi kwa mara ya kwanza nikaona una haraka yangu.

Turudi kwenye begi. Wiki nzima hii nilikuwa nashona zile fulana za kamera kwa sweta la kahawia, nimezifua kwa maji matupu, nimezianika juu ya paa la jengo mbali na bizari. Nikakupangia juu ya nguo zako. Leo mchana ukazitoa.

"Mama, miti ya kule imeota ukungu. Ina ndevu za kijani. Hizi zitaonekana. Nitashona kule kule."

Na mimi nikakujibu, "Basi nenda mikono mitupu." Ukavaa viatu ukaenda Buguruni.

Ulipotoka nikalifungua begi nikazirudisha, nikazificha chini ya sweta. Nikakaa. Halafu nikajiuliza ninaficha nini na ninamficha nani, na kama ungezikuta kule, mvua inanyesha, umechoka, ungeona vibaya kuzitupa ungezitumia. Kwa ajili yangu. Pale kwenye chemchemi. Nikalifungua mara ya pili nikazitoa zote. Nimekuwekea sindano zile nene na uzi wa kijani, aina nne, utachagua mwenyewe ukishaiona miti.

Kisha nikaushughulikia ule upande wangu unaotaka urudi. Nimeshuka kwa Hitesh nikamwambia amwite yule dada wa Ilala aliyekuwa anatafuta kazi, Rehema, aje Jumatatu. Mikono yake kwenye solda ni safi kuliko yangu, nilimjaribu.

"Atakaa wapi?" Hitesh akauliza.

"Kiti cha Aika."

"Na Aika akirudi?"

"Atakaa kiti cha wageni, nitamwagizia soda."

Akanitazama hivi, halafu akasema mke wake ametengeneza kachori za safari yako, nisizile.

Kwa hiyo ujue hivyo ukiwa juu ya mti na kamera mkononi. Nyumbani ni kwako, kitanda ni chako, chakula kipo. Ila hapa dukani hakuna mtu anayengoja ukosee. Nitakupigia Jumapili. Siku nyingine nikipiga usipokee, hata nikirudia, nitakuwa nimeshindwa tu kukaa. Meza yako nimeifuta. Kiti nimekishusha kidogo, maana Rehema ni mfupi.

Nimefurahi, mwanangu, na safari hii nimefurahi kimyakimya, ungeniona usingeamini. Nenda. Waache wanywe maji.

Mama yako